Madoa meupe baada ya leza: soma umbo la doa kwanza

NuruYaWinam, Kisumu

Wadau, kwenye kurasa za urembo za Kisumu na Nakuru swali ni lile lile kila wiki. Mtu amefanyiwa leza ya nywele kidevuni, au ile inayoitwa "ya kung'arisha uso", magamba yameanguka na chini yake pamebaki peupe. Anaambiwa "hiyo ni ngozi mpya, itashika rangi". Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni seli za rangi zilizoungua, na kila wiki anayorudi kuongezewa mapigo anazidi kuziua.

Leza ya nywele haitafuti nywele, inatafuta rangi. Mwanga unanyonywa na melanini, ndiyo hiyo rangi, unageuka joto, na joto hilo ndilo linaloua mzizi wa unywele. Ila melanini iko pia kwenye ngozi ya juu, na kwetu sisi iko kwa wingi. Idadi ya seli zinazoitengeneza haitofautiani sana kati ya mtu mweupe na mweusi. Tofauti ni vifuko vya rangi: vyetu ni vikubwa, vingi, na vimetapakaa hadi juu. Kwa hiyo kabla mwanga haujafika kwenye unywele, ngozi yetu imeshachukua mgao wake.

Baada ya hapo inategemea joto lilikuwa kiasi gani. Seli ikikasirishwa tu, inamwaga rangi kupita kiasi na pale panakuwa peusi kwa miezi. Ikipikwa, inanyamaza au inakufa, na pale panakuwa peupe. Ndiyo maana mchomo mmoja unaweza kuacha kitovu cheupe chenye ukingo mweusi: katikati joto lilikuwa kali, pembeni lilikuwa la wastani.

Urefu wa wimbi la mwanga ndio wa kuuliza kabla hujauliza bei. Mawimbi mafupi hunyonywa sana na melanini ya juu, marefu hupita na kushuka chini. Kwa aina za leza, aleksandraiti ni nanomita 755, diodi ya kawaida ni 800 hadi 810, Nd:YAG ni 1064. Kwa ngozi za daraja la tano na la sita kwenye kipimo cha Fitzpatrick, kinachopanga ngozi kuanzia nyeupe zaidi (la kwanza) hadi nyeusi zaidi (la sita), na Wakenya wengi tuko hapo, Nd:YAG ndiyo yenye nafasi kubwa ya usalama. IPL si leza kabisa. Ni taa yenye mchanganyiko wa mawimbi, kuanzia takriban 500 hadi 1200, na ile sehemu fupi hunyonywa sana na ngozi ya juu. Mtu wa daraja la sita akiwekewa IPL usoni, mimi simlaumu aliyelala kitandani.

FundiMitamboKsm

Umeanza vizuri. Niongeze la upande wa mashine, kwa sababu doa likitokea kila mtu hukimbilia kusema "ngozi yake ni sensitivu". Doa lina sahihi ya chombo kilicholichora. Litazame kwa mwanga wa dirishani, usitumie flashi ya simu.

Mistari au miraba yenye kona kali, saizi ya kioo cha mashine: diodi au IPL, nishati ilizidi au kioo hakikuwa baridi. Kukiwa na mistari ya rangi mbili inayopishana kama punda milia, mhudumu aliruka sehemu na kurudia nyingine.

Duara safi za milimita 8 hadi 12: kichwa cha Nd:YAG. Mahali duara mbili zimepandana pakiwa peupe zaidi kuliko kwingine, alirudia pigo juu ya pigo kabla ngozi haijapoa.

Hilali, yaani mwezi mwembamba upande mmoja wa duara: hii ni ya mashine zinazopuliza gesi baridi kabla ya pigo. Mkono ulishikwa kimshazari, gesi ikaenda huku na mwanga kule, ukabaki ukanda usiopozwa. Wengi huiona wakadhani ni ukucha. Na gesi yenyewe ikipulizwa muda mrefu huacha pete, maana seli za rangi huumia kwa baridi kali mapema kuliko seli nyingine za ngozi.

Vijidoa vya milimita 1 hadi 3, vimetawanyika kama chenga za mchele: hiyo si leza ya nywele. Ni ile ya kung'arisha, na NuruYaWinam nakuachia.

Nukta kuzunguka kila tundu la unywele: pigo lilikuwa fupi mno kwa unywele mnene. Ndevu zetu ni nene na zimejikunja, zinashika joto jingi na kulimwaga pembeni. Milisekunde 3 hadi 5 ni hatari hapo. Pigo la milisekunde 30 kwenda juu huipa ngozi ya juu nafasi ya kupoteza joto wakati unywele bado unalishika.

Atieno_Kibuye

Samahani wataalamu. Mhudumu anasema "nimeweka 25". 25 ya nini? Ni nyingi au kidogo?

FundiMitamboKsm

Dada Atieno, swali lako ndilo linalochoma watu. 25 peke yake haina maana. Mashine nyingine huonyesha jouli (kipimo cha nishati) za pigo zima, nyingine huonyesha jouli kwa kila sentimita ya mraba. Angalia tofauti.

Kichwa cha milimita 12 kina eneo la sentimita za mraba 1.13. Jouli 25 zikigawanywa hapo ni kama 22 kwa sentimita. Badilisha kichwa, weka cha milimita 10, ambacho eneo lake ni 0.79, na uache 25 ile ile kwenye skrini: sasa ni karibu 32. Weka cha milimita 8, eneo 0.50: unagonga 50. Hakuna aliyegusa kitufe, kichwa tu kimebadilishwa ili kufikia juu ya mdomo, na nguvu imezidi maradufu.

Kwa Nd:YAG kwenye ngozi ya daraja la sita, kichwa cha milimita 10 na pigo la milisekunde 30 au zaidi, wengi huanzia jouli 20 hadi 25 kwa sentimita ya mraba kisha hupanda polepole, ziara baada ya ziara. Kwa vipele vya ndevu hata jouli 12 zimewahi kutumika, pigo la milisekunde 20, na vikapungua. Kwa hiyo anayekuambia "tuweke juu ndiyo uone matokeo haraka" muulize haraka ya nani.

Na namba ya skrini si kipimo. Mashine ya mtumba ambayo haijapimwa kwa mita ya nishati inaweza kuandika 20 na kutoa kitu kingine. Taa na vioo vya ndani huchakaa, anayeitumia anaongeza namba ili kufidia, halafu siku taa mpya inapowekwa hakuna anayekumbuka kushusha. Wiki ya kwanza baada ya matengenezo ndiyo ya kuogopa kuliko zote.

KO_Kakamega

Hapo kwenye matengenezo umenena. Kwa upande wa kitandani, kabla ya pigo la kwanza:

Nywele zinyolewe kwa wembe siku hiyo au jana yake, zisitolewe kwa nta wala kung'olewa. Ukizing'oa, mwanga hauna kitu cha kushika huko chini. Ukiziacha ndefu, zinaungua juu ya ngozi. Masizi yake yakiganda kwenye kioo, kila pigo linalofuata linachoma kama chuma cha moto. Kioo kifutwe kila baada ya mapigo machache.

Ngozi iwe haina make-up, mafuta wala losheni yenye rangi.

Na majaribio. Mapigo matatu ya nguvu tofauti chini ya taya au mbele ya sikio, kando ya eneo lenyewe. Yaangaliwe baada ya saa 48 kwa ajili ya malengelenge, halafu tena baada ya wiki 4 hadi 6 kwa ajili ya rangi. Kliniki inayofanya jaribio saa nne na uso mzima saa tano imejaribu maumivu tu, haijajaribu rangi.

Wakati wa kazi, dalili njema ni uvimbe mdogo kuzunguka matundu ya nywele, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Ngozi ikigeuka kijivu au nyeupe papo hapo, au ikatoa harufu ya nyama badala ya harufu ya nywele, hapo unasimama. Hakuna "tumalizie upande huu".

MfamasiaNaks, Nakuru

Mmesahau kitu kimoja kikubwa, nacho ni kile mteja alichojipaka miezi sita kabla.

Cream za kung'arisha zinazouzwa kwa kificho mara nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni, au zebaki. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya, lakini sheria na soko ni vitu viwili. Steroidi hupunguza unene wa ngozi, mishipa ikaonekana, kidonda kikachelewa kupona. Haidrokwinoni ya muda mrefu inaweza kuleta okronosi, weusi wa bluu-kijivu mashavuni unaozidi kila unapojipaka zaidi. Mtu mwenye okronosi anadhani ni madoa ya kawaida, anaenda leza ya kung'arisha, leza inakuta rangi nyingi pale pale na kuchoma.

Nikiwa kaunta nauliza hivi: uso unawasha na kuwa mwekundu ukiacha cream siku tatu? Vifundo vya vidole ni vyeusi kuliko uso? Jibu likiwa ndiyo, leza isubiri. Steroidi iachwe kwa utaratibu wa daktari, isikatwe ghafla, na ngozi ipewe miezi kadhaa.

Dawa za kumeza pia zitajwe. Doksi (doksisaiklini), antibiotiki ambayo huku Nyanza na Magharibi watu huipata kwa mambo mengi, huongeza kuungua na jua. Retinoidi za kupaka, zile dawa za chunusi za jamii ya vitamini A, ziachwe kama wiki moja kabla. Isotretinoini ya kumeza, nayo ya chunusi, lazima daktari aijue kabla ya leza yoyote ya kukwangua ngozi.

NuruYaWinam

Asante MfamasiaNaks. Basi niingie kwenye zile chenga za mchele.

Leza ya kung'arisha ni Nd:YAG nyingine, ya mapigo mafupi mno, ya nanosekunde. Pigo refu hupasha joto, hili hupasua. Linavunja vifuko vya rangi kwa mshindo. Ikitumika kwa nguvu ndogo, kawaida jouli 1.6 hadi 3.5 kwa sentimita ya mraba na kichwa cha milimita 6 hadi 8, lengo ni kupasua rangi bila kuua seli. Ilipata umaarufu Asia kwa ajili ya melasma, yale mabaka ya kahawia usoni, na madoa haya meupe yakajulikana huko huko: mtu anafanyiwa kila wiki, mara kumi au zaidi, kila ziara peke yake haionekani kuwa na kosa, lakini jumla yake inachosha seli hadi zinaacha kazi.

Kinachopotosha ni kwamba mwanzoni uso unang'aa kweli. Mteja anafurahi, analipia kifurushi kingine. Chenga zinaanza shavuni karibu na sikio au kwenye paji, ndogo, zinaonekana zaidi jioni uso ukiwa umejaa jua. Ikionekana hata moja, leza inaachwa siku hiyo. Si kupunguzwa, inaachwa. Zikigunduliwa mapema nyingi hurudi taratibu. Zikiendelea kupigwa hukaa miaka. Na melasma yenyewe hupenda kurudi baada ya leza kuachwa, kwa hiyo mtu anaweza kubaki na vyote viwili, weusi wa zamani na weupe mpya.

Anayetaka uso mzima uwe mweupe kwa leza anaomba kitu ambacho mashine haina. Rangi inayotengenezwa kila siku na seli hai hairudi nyuma kwa mapigo. Ukiiona imerudi nyuma moja kwa moja, seli hazipo.

FundiMitamboKsm

Kuhusu diodi, nisieleweke kwamba haifai kabisa. Diodi ya 810 yenye pigo refu na kioo cha yakuti samawi kilichopozwa hadi nyuzi 5 hivi imetumika kwenye ngozi nyeusi. Tatizo ni kwamba kosa dogo linalosamehewa na 1064, 810 hailisamehi. Na usalama wote umekaa kwenye kile kioo. Stima ikipotea na kurudi, na huku mnajua inavyorudi, mashine inaweza kukuambia iko tayari kabla kioo hakijapoa. Mapigo yakiwa yamefungwa, kiguse kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Kama baridi haikushtui, kazi isubiri.

KO_Kakamega

Nakubali. Mimi ningeandika kwenye mlango: daraja la sita, 1064, basi. Lakini tuendelee.

Umeshaungua. Saa ya kwanza ni ya maji: kitambaa safi kilicholowa maji baridi, dakika 10 hadi 20, kipozwe tena kikipata joto. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Kisha petroleum jelly safi, tabaka jembamba, mara mbili au tatu kwa siku. Lengelenge lisipasuliwe. Gamba lisibanduliwe, litaanguka lenyewe kati ya siku ya 7 na ya 10. Dawa ya meno, limau, majivu na ile sabuni ya "kutoa madoa" vyote vikae mbali.

MfamasiaNaks

Na steroidi ya muda mfupi? Haidrokotisoni ya asilimia 1, siku 3 hadi 5, kutuliza uvimbe ili weusi usije.

KO_Kakamega

Kwa wekundu na uvimbe bila ngozi kupasuka, sawa, kwa siku hizo tu. Ngozi ikishafunguka, hapana. Shida ni kwamba mteja akisikia "steroidi" anarudi kwenye ile tyubu ya nyumbani, nayo ni kali mara nyingi kuliko haidrokotisoni. Mwandikie jina na siku ya kuacha.

Atieno_Kibuye

Na jua? Maana nasikia losheni ya jua ni ya wazungu.

NuruYaWinam

Dada, mstari wa ikweta unapita pale Maseno. Jua letu ni la mwaka mzima, na Nakuru iko juu ya mita 1,800, mionzi inazidi hata kukiwa na kibaridi. Melanini inakulinda dhidi ya kuungua, haikulindi dhidi ya kuongeza weusi kwenye kidonda. Pigo la leza ni kidonda.

Losheni ya jua ya SPF 30 kwenda juu, wiki 4 kabla na miezi 3 baada. Kiasi: jaza mistari miwili kwenye urefu wa vidole viwili, hiyo ni uso na shingo. Rudia kila saa mbili ukiwa nje. Kwa ngozi nyeusi ichague yenye rangi ya kahawia, ile yenye oksidi ya chuma, kwa sababu mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea weusi na losheni isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha. Haikuachi na ule weupe wa majivu pia. Kofia ya ukingo mpana inasaidia, helmeti ya boda pekee haitoshi.

Faida nyingine: pembeni pasipozidi kuwa peusi, doa jeupe halipigi kelele.

Msomaji_Naka

Nitajuaje kama weupe wangu utarudi? Ni miezi miwili sasa.

KO_Kakamega

Kwanza hakikisha ni leza kweli. Choa cha mgongoni na kifuani hutoa unga ukikikwaruza. Doa jeupe lisilohisi pamba likiguswa ni la kupelekwa hospitali bila kungoja, maana ukoma nao huanza hivyo. Mbalanga, ile vitiligo, inaweza kuamshwa na leza kwa mwenye asili nayo. Hiyo haifuati umbo la kichwa cha mashine bali inatanuka nje yake. Mwenye mbalanga kwenye familia amwambie mhudumu kabla.

Kisha omba uangaliwe gizani kwa taa ya Wood, ile ya mionzi ya urujuanimno. Palipopoteza rangi yote panawaka weupe wa chokaa, kama karatasi. Palipopungua tu panafifia bila kuwaka. La pili lina matumaini makubwa.

Miezi miwili ni mapema. Weupe wa baada ya gamba mara nyingi hujaa ndani ya miezi 3 hadi 6, ukianza na nukta za kahawia kuzunguka matundu ya nywele, kwa sababu akiba ya seli za rangi iko kwenye mzizi wa unywele. Ukiona nukta hizo, tulia, kazi inaendelea. Mahali pasipo na vinyweleo hujaa kwa shida zaidi.

Leza ya kukwangua, ile ya CO₂ ya makovu ya chunusi, ina tabia ya pekee: weupe unaweza kuchelewa, ukatokea miezi 6 hadi 12 baadaye wakati kila mtu ameshasherehekea, na huo mara nyingi hukaa.

MfamasiaNaks

Usipojaa, kuna takrolimasi ya kupaka ya asilimia 0.1 mara mbili kwa siku kwa miezi, kwa cheti cha daktari. Kuna mwanga wa UVB wa mkanda mwembamba, nanomita 311 hadi 313, mara mbili au tatu kwa wiki. Na kuna leza ya eksaima ya nanomita 308 kwa madoa madogo, ambayo huhitaji kurudiwa mara kwa mara kwa sababu rangi hiyo hupenda kufifia tena. Mwisho kabisa ni kupandikiza vipande vya ngozi vya milimita 1 hadi 1.5. Vyote ni vya daktari wa ngozi. Huku kwetu anzeni na hospitali ya rufaa iliyo karibu, Jaramogi pale Kisumu, ile wenyeji wanaiita Russia, au ile kuu ya Nakuru, na muulize kabla ya kupanda matatu siku ya kliniki ya ngozi ni ipi.

Jina la daktari litafutwe kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, mtandaoni. Cheti cha siku mbili cha muuza mashine kilichowekwa kwenye fremu si leseni.

Msomaji_Naka

Asante. Na nikiamua kurudi kwa leza ya ndevu, nipige juu ya doa jeupe au niliruke?

FundiMitamboKsm

Liruke. Doa halina rangi ya kunyonya, kwa hiyo pigo litaonekana halina madhara, lakini zile nukta za kahawia zinazoanza kurudi ndizo zitakazopigwa. Lizungushie penseli nyeupe ya macho kabla ya jeli, uache nusu sentimita pembeni. Si nyeusi. Penseli nyeusi leza inaichoma pamoja na ngozi iliyo chini yake.